Sikio Likizima Ghafla, Usingoje Harusi Ipite

Yupo bi harusi aliyeniandikia kuwa sikio lake limeziba tangu juzi, na kwao wanamwambia asubiri shughuli ipite. Jibu langu, mpenzi: usisubiri.

Mimi lilinizima nikiwa ndani nasingwa, kwetu Mkokotoni, mwezi wa Shaaban, imebaki wiki moja. Niliamka sikio la kushoto limekufa, linavuma tu kama mashine ya boti. Maumivu hakuna. Somo wangu akadhani ni maji yaliyoingia wakati wa kuoga, bibi akasema ni husuda, akanisomea. Kusomewa ni kheri. Lakini mama akasema dua haikatazi dawa. Tukapanda daladala kwenda Mjini.

Daktari wa masikio hakuona nta wala maji. Akapiga chuma cha pembe mbili, akakiweka katikati ya paji la uso. Mlio nikausikia upande wa kulia tu. Akatueleza kuwa kusikia kunapopungua sana ndani ya siku 3, kasoro huwa sikio la ndani au mshipa wake wa fahamu, na mara nyingi sababu haionekani. Wapo wanaopona wenyewe, lakini huwezi kujua kama wewe ni mmoja wao. Dawa ya steroidi ina matumaini zaidi ikianza mapema, ndani ya wiki 2 za mwanzo. Nikaanza vidonge siku ile ile.

Nyumbani baadhi ya jamaa walitaka jambo lifichwe mpaka nikaha ipite. Baba akakataa: anayeoa ana haki ya kujua. Jibu la bwana harusi likaja kabla ya Magharibi: basi yeye atakaa upande wa kulia. Hata baba alipokuja kuniomba idhini, alikaa kulia, nikamsikia vizuri.

Vidonge vilirudisha kidogo tu, ndipo ikaja sindano. Neno linatisha kuliko kitu chenyewe. Sikio hutiwa ganzi, kisha sindano nyembamba hupita kwenye kiwambo cha sikio na kuijaza dawa sehemu ya kati, ili ipenye hadi ndani. Unalala sikio likiwa juu kwa karibu nusu saa, bila kuzungumza wala kumeza mate, kwa sababu kuna njia kutoka sikio la kati hadi kooni na dawa ikiteremka huko inapotea. Kizunguzungu kilinijia dakika chache. Daktari alikuwa mwanamme. Nilifunua sikio tu, na mume wangu alikuwepo.

Nilichomwa mara 4, na 2 ziliangukia Ramadhani. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kinachotiwa ndani ya sikio kinafunguza. Baraza la Fiqhi la Jeddah, katika kikao cha 1997, lilisema matone ya sikio hayafunguzi maadamu humezi kinachofika kooni. Mimi nilihisi uchungu wa dawa kooni. Nilikula siku zile 2, nikalipa baada ya Idi. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, aya ya 184, na kuipokea si udhaifu wa imani.

Sikio halikurudi lote. Adhana ya mbali bado inanipita upande huo, na mvumo upo usiku. Lakini namsikia mume wangu akininong'oneza kushoto, na hilo nilishalikatia tamaa. Alhamdulillah.

Basi dada, likizima: usitie mafuta, usichokonoe, nenda upimwe leo. Ukiwa na sukari mwambie daktari, maana vidonge huipandisha. Sindano hubaki zaidi sikioni, na huenda akaanza nayo. Kama ni nta, utarudi kwa somo wako siku hiyo hiyo ukicheka.

Allah awaponye wagonjwa wetu na azitie baraka ndoa zenu. Amin.