Darasa Kimya Si Darasa Linalosoma

Wacha niseme hii kitu bila kuzunguka: wanafunzi wa chuo hawasinzii darasani kwa sababu ni wavivu. Wanasinzia kwa sababu kuna mtu anawasomea slaidi masaa matatu.

Mimi ni wa Makongeni, Thika. Simama stejini asubuhi uone vijana wakienda MKU, wengine Thika Technical, wengine wakishika matatu za kwenda JKUAT, Juja. Nyuma ya wengi wao kuna mzazi anauza mboga ama mitumba ndio karo itoke. Darasa likipotea, ni jasho la mtu limepotea.

Nikiwa mwaka wa kwanza, leki mmoja alikuwa anasoma slaidi tu. Sisi tunasaini karatasi ya mahudhurio, tunarudi kwa simu. Yule wa uhasibu alikuwa tofauti. Siku moja aliandika ubaoni: mama mboga amenunua nyanya 4,000, akalipa boda 200, akauza zote 4,500. Lakini za 1,500 zimekopwa. Amepata faida ama hasara?

Akatuambia, "Kila mtu aandike jibu lake kwanza. Sasa geukia jirani yako, mbishane dakika tano."

Darasa lilichemka! Wengine faida 300, wengine hasara 1,200. Kisha msichana mmoja ambaye hatukuwa tumewahi kusikia sauti yake akasema: "Faida iko, lakini iko kwa daftari ya madeni. Kesho mama hana pesa ya kutosha kurudi sokoni." Mamake alikuwa anauza mboga. Tofauti ya faida na pesa taslimu, hakuna aliyeisahau tena. Na huyo msichana, aliyekuwa anafikiria kuacha masomo, akaanza kukaa mbele.

Mbinu hii si ya kubahatisha. Eric Mazur, profesa wa fizikia kule Harvard, aliifanya maarufu miaka ya 1990: uliza swali, kila mtu achague jibu, wajadiliane, wachague tena. Mwaka 2014, Scott Freeman na wenzake Marekani walichambua tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi. Wanafunzi wa kuhubiriwa tu walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 kuliko wale wanaoshirikishwa.

Najua leki atasema, "Niko na wanafunzi 200 na silabasi haijaisha." Sawa, mwalimu wangu, tunakuelewa. Lakini dakika tano hazihitaji projekta wala bajeti. Swali moja zuri kutoka sokoni, gereji ama shambani linatosha. Tupe muda wa kufikiri kabla ya kutujibu. Na mtu akikosea, usimcheke, muulize amefikaje hapo.

Kumaliza silabasi ni kazi yako. Lakini ukiimaliza peke yako, sisi tumesoma nini?