Vespa ya Marehemu Ndugu Yetu

Huenda wako watakaostaajabu kumwona mwalimu wa chuo akishika kalamu kuandika khabari za pikipiki. Chuo chetu ki hapa mjini Dodoma, na kila Jumamosi na Jumapili twasomesha upande wa Mayamaya, katika njia iendayo Kondoa, mwendo upatao kilomita 40 na zaidi. Msafiri wa namna hii hana budi kukijua chombo chake, na chombo chetu ni Vespa ya Kitaliani, aina ya P150X, iliyoundwa mwaka 1980.

Chombo hicho asili yake si chetu. Alikiacha kaka yetu aliyefariki mwaka 2021, naye aliacha mjane mmoja, kijana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kutangulia. Majirani walituambia, “Si cha kaka yako? Kichukue tu.” Walakini ndugu wa maiti hana fungu maadamu mwana wa kiume yupo, na yule binti mdogo alikuwa hajabaleghe. Kufungua hata nati moja ya Vespa ile kungekuwa ni kuchezea mali ya yatima. Basi madeni yalipokwisha kulipwa tuliwaita mafundi wawili, kila mmoja kwa siku yake, waithamini. Tukashika ile bei iliyokuwa kubwa, Sh. 800,000/=. Mjane akapata thumni yake, Sh. 100,000/=. Zile Sh. 700,000/= zilizosalia zikawa mafungu manne: kijana mawili, Sh. 350,000/=, na kila binti moja, Sh. 175,000/=. Tulilipa kidogo kidogo kwa muda wa miezi minane, na katika miezi hiyo Vespa ilisimama ukutani, imefunikwa kwa gunia, hakuna aliyeipanda.

Kabla ya kueleza tuliyoitenda, yafaa msomaji ajue chombo hiki kimeundwaje, maana wengi hukitengeneza kama watengenezavyo pikipiki nyingine na mwisho hukiharibu. Kampuni ya Piaggio ya Pontedera, huko Italia, ilikuwa ikiunda ndege. Vita vilipokwisha ikatafuta kazi nyingine, na mwaka 1946 ikatoa Vespa ya kwanza, iliyobuniwa na Corradino D'Ascanio. Bwana huyo alikuwa mhandisi wa ndege na helikopta, wala pikipiki hakuzipenda. Kwa hiyo Vespa haina mifupa ya mabomba. Bati lake lenyewe ndilo mwili. Gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja tu, kama gurudumu la ndege. Haina mnyororo: gurudumu la nyuma limefungwa moja kwa moja katika injini, na injini yenyewe imekaa upande wa kuume. Katika ukoo huo huo, mwaka 1948, ilizaliwa ile ya magurudumu matatu iitwayo Ape. Na kampuni ya Bajaj ya Bara Hindi, iliyopata idhini ya Piaggio, ndiyo iliyotuachia hili neno letu bajaji.

Kijana wa marehemu, ambaye yuajifunza ufundi katika karakana moja ya Majengo, alikuja na mashauri yake siku ile ile tuliyomaliza kulipa. Alitaka silinda kubwa, ekzosi yenye mlio, na kichujio cha hewa kiondolewe ili injini “ipumue”. Sisi tulitaka chombo kisichoyumba. Mama yake, aliyekuwa akipepeta mchele huku akitusikiliza, alisema neno moja tu: “Shemeji, breki kwanza.” Tukalifuata.

Breki za Vespa hii ni za ngoma, mbele na nyuma. Tulibadilisha viatu vyake, tukatia kebo mpya ya mbele, na ngoma zilizokuwa zimechimbika tukazipeleka kuchongwa sawasawa. Kisha tukaingia katika jambo la kuyumba. Watu wengi Vespa ikitikisa mkia hulaumu tairi, nao pengine wana haki. Lakini katika chombo cha umri huu mwenye kosa mara nyingi ni zile raba ziishikazo injini katika mwili. Injini na gurudumu la nyuma ni kitu kimoja, basi raba zikilegea gurudumu hufuata njia yake na usukani njia yake. Raba zetu zilitoka mkononi vipande vipande kama mkate mkavu. Mpya zililetwa kutoka Unguja, ambako mafundi wa Vespa na spea zake bado wako. Pamoja nazo tulipata gololi za shingo ya usukani, na shokomzoba mbili ngumu kuliko za asili. Ile ya mbele ina faida kubwa, maana Vespa ikikamatwa breki huinamisha pua, na ikiinama sana katika mteremko mpandaji hana raha.

Tairi ni za inchi 10 kwa 3.50. Upepo wake watu huutia kwa kukisia kidole, na hapo ndipo roho za watu zinapochezewa. Kipimo cha mpandaji peke yake ni ratili 18 mbele na 26 nyuma. Akiwa na mtu nyuma, ile ya nyuma yataka 36. Twachukua pampu na kipimo popote twendapo, kwa kuwa ukiiacha lami na kuingia makorongo yenye mchanga yapasa kupunguza kidogo, na ukirudi barabarani yapasa kurudisha. Tena kuna tairi la akiba. Mahali pake ni chini ya ubavu wa kushoto, nalo husaidia kuukabili uzito wa injini iliyo kuume. Marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa ameliondoa akapafanya mahali pa kutilia tende na betri za tochi. Tulipolirudisha, chombo kiliacha kuegemea upande mmoja. Jambo hilo halikutugharimu ila nati mbili.

Upande wa injini tulikataa katakata kuondoa kichujio. Dodoma si Pontedera. Mwezi wa Agosti upepo hapa huinua vumbi jekundu hata mlima hauonekani, na vumbi likiingia katika silinda husaga pistoni kama msasa. Kichujio chafaa kuoshwa kwa petroli na kukaushwa, si kutupwa. Ekzosi ya kelele nayo tuliikataa, maana chuo chetu kimepakana na nyumba ya mzee mgonjwa, naye jirani ana haki yake. Lakini katika kabureta tulimwachia kijana, naye akatufundisha. Dodoma i juu ya bahari kwa mita 1,100 na kidogo, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 10 au zaidi. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani humwaga petroli kupita haja. Plagi huwa nyeusi na injini hukohoa. Namba ya jeti ni tundu lake kwa sehemu za mia za milimita. Alishuka namba nne, akaendesha hadi njia ya Hombolo na kurudi, akafungua plagi: ilikuwa na rangi ya kahawia iliyokauka. Mafuta twachanganya sehemu 2 kwa 100, tukipima kwa kile kikombe kidogo cha dawa ya watoto, wala hatumwachii kijana wa sheli akadirie kwa jicho.

Likabaki suala la silinda. Ile ya asili ina upana wa milimita 57.8, na injini ni ya sentimita za ujazo 150. Aliyoitaka kijana ni ya chuma, ya Kitaliani, iitwayo DR, yenye upana wa milimita 63, nayo huifanya injini kuwa 177 bila kupasua mwili wake. Tulidhani ni tamaa ya mbio, tukamwambia hivyo. Akajibu, “Baba mdogo, tangu barabara ya Kondoa iwe lami, malori hayaendi tena mwendo wa punda. Ukipanda kilima na mtu nyuma, unabaki kilomita 40 kwa saa, na lori limekukaribia mgongoni. Nguvu nayo ni usalama.” Ukweli ni kwamba hatukuwa na jibu. Njia ile ilipokuwa ya vumbi, sote tulikuwa wazito. Lami imewapa wengine miguu.

Tulimpa masharti mawili. Kwanza, kadi ya usajili imeandikwa ukubwa wa injini, nayo ni kama shahidi. Hatutapanda chombo ambacho shahidi wake asema 150 na hali ni 177. Basi kadi ishughulikiwe kabla ya silinda kufungwa. Pili, fedha ya silinda isitoke katika fungu lake la urithi, ambalo mama yake amelihifadhi kwa ajili ya vifaa vyake vya ufundi. Sharti la kwanza lilichukua majuma mengi na safari nyingi. La pili tulilitimiza sisi, kwa mbuzi wawili.

Silinda ikafungwa mwezi uliopita, na jeti ikapandishwa tena, kwa kuwa silinda kubwa yataka petroli zaidi. Injini mpya haikimbizwi. Tumekubaliana kilomita 1,000 za mwendo wa taratibu, bila kufungua mkono hadi mwisho. Kijana ameandika hesabu kwa chaki katika mlango wa karakana, na kila turudipo Mayamaya hufuta namba ya zamani na kuandika mpya. Jumapili iliyopita iliandikwa 640. Mama yake bado hajakubali kupanda nyuma, asema angoja chaki ifutwe kabisa.