Lori la Baba kwa Kipimo cha Moja kwa Ishirini

Ndugu msomaji, mtu mzima aliyekwisha staafu akionekana barazani kwake ameshika kigari, anakipiga msasa na kukipuliza vumbi, watu huwa na mambo mawili ya kufikiri juu yake. Ama amepata tenda ya kuuza vitu vya kuchezea watoto, ama akili zake zimeanza kurudi utotoni. Mimi nimeyasikia yote mawili, tena kwa majirani ninaowaheshimu. Sikuwajibu. Leo nimeona niwajibu kwa maandishi, kwa kuwa kazi hii imeingia katika familia yangu kwa namna ambayo sikuitazamia.

Hapana shaka wengi wetu tuliokulia nchi hii tuliwahi kuwa mafundi wa magari kabla hatujajua kusoma. Tulikuwa na magari ya mabua ya mtama, magari ya makopo ya samli, na yale ya waya yenye usukani mrefu, ambayo mtoto huyasukuma mbele yake huku akinguruma kwa mdomo. Magurudumu yalikatwa katika kandambili zilizochakaa. Mtoto aliyeweza kupinda waya hata gurudumu la mbele likakata kona alikuwa mkubwa wa mtaa, hata kama umri wake ulikuwa mdogo. Yalikuwa magari mazuri, lakini hayakuwa na kipimo. Mlango uliweza kuwa mkubwa kuliko boneti, na hakuna aliyelalamika.

Kazi ninayoisema mimi inaanzia pale kipimo kinapoingia. Katika nchi za wenzetu jambo hili lina historia yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vya Marekani vilitengeneza vigari vya plastiki vya kipimo cha 1:25 ili wauza magari wawaonyeshe wateja umbo la gari jipya, na humo ndimo kampuni ya AMT, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilimopatia jina. Baadaye vikaja vile vya vipande ambavyo mnunuzi huviunga mwenyewe kwa gundi na kuvipaka rangi. Kipimo cha 1:24, kinachopendwa sana na Wajapani wa Tamiya, maana yake ni nusu inchi kwa kila futi moja ya gari la kweli. Kile cha 1:43 kilirithiwa kutoka kwa vigarimoshi vya kuchezea vya Uingereza. Kwa hiyo Volkswagen ya mgongo wa kobe, ambayo ina urefu wa mita 4 na sentimeta 7, katika kipimo cha 1:24 inakuwa na sentimeta 17 tu, ikakaa vyema juu ya rafu ya vitabu.

Mimi sikununua sanduku la vipande. Bei yake si ya pensheni yangu, na zaidi ya hayo, gari nililolitaka halikuwamo katika sanduku lolote. Nilitaka lori la marehemu baba.

Baba alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam. Tarehe 11 Novemba, 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, na mwezi uliofuata mafuta ya Zambia yakakatwa, Zambia iligeuka kutazama bahari ya kwetu. Mafuta yakaanza kupelekwa katika mapipa, kwa malori, kupitia Morogoro, Mikumi, Iringa na Mbeya hata Tunduma, safari ya zaidi ya kilometa 900 kabla hujauvuka mpaka. Barabara ilikuwa ya udongo. Masika iligeuka uji, kiangazi iligeuka unga, na wazungu waliipa jina la Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilifunguliwa mwaka 1968, na reli ya TAZARA ikakamilika mwaka 1975, lakini katikati ya shida ile ni madereva na utingo wao waliobeba nchi jirani mabegani. Baba alikuwa mmoja wao, na lori lake lilikuwa Bedford ya pua ndefu. Alifariki kwa maradhi mwaka 1971, nami nilikuwa na umri wa miaka 10. Ametuachia picha moja tu, isiyo na rangi, amesimama kando ya lori hilo, mkono mmoja juu ya mlango.

Basi lori hilo nimelijenga kutokana na picha hiyo. Utauliza, vipimo nilivipata wapi? Kwa tairi. Mzee mmoja aliyekuwa utingo wa baba bado yu hai, na ingawa amesahau mengi, hajasahau namba ya matairi aliyokuwa akiyabiringisha: 9.00-20. Tairi la namba hiyo lina kimo cha karibu mita moja. Katika picha tairi lina milimeta 11. Kwa hiyo kila milimeta 11 za ubavu wa lori ule ni mita moja ya kweli. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma ni milimeta 46. Ukigawa unapata karibu mita 4.2, na katika kipimo cha 1:20 nilichokichagua, hiyo ni sentimeta 21. Njia hii inafaa tu ikiwa gari limepigwa picha ubavuni na kitu unachokipima kiko usawa mmoja na tairi. Bahati mpiga picha yule alisimama sawasawa, Mungu amrehemu popote alipo.

Nataka niseme kidogo juu ya vifaa, kwa sababu wazazi wengine watapenda kuanza kazi hii na watoto wao. Shasi na bodi nimezitengeneza kwa mbao laini ya msonobari. Kichwa cha lori ni bati la kopo la maziwa. Usidharau bati la kopo. Mbao nyembamba ya milimeta 3, ukiikuza mara 20, inakuwa ukuta wa sentimeta 6, na hakuna lori lenye mlango mnene namna hiyo; bati la kopo unene wake ni karibu sehemu 2 za kumi za milimeta, na ukilikuza linakuwa milimeta 4, ambazo jicho linazikubali. Lakini kingo zake zinakata kama wembe. Mtoto aachiwe kazi ya msasa na gundi, bati akate mkubwa, tena kwa glavu. Vioo nimevipata katika filamu ya eksirei ya goti langu: ukiiloweka katika dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, weusi wote hutoka ikabaki safi kama kioo. Goti lenyewe halijapona, lakini angalau limewapa wasafiri kioo cha mbele.

Rangi ndiyo inayotenganisha fundi na mwenye haraka. Kwanza bati lisafishwe mafuta yote kwa sabuni. Kisha praima ya kijivu, nyembamba, na hapo makosa yote ya mikono huonekana, maana kijivu hakisitiri. Mikwaruzo hujazwa puti, hupigwa msasa wa maji namba 400, halafu 1000, kisha praima tena. Rangi yenyewe ipakwe mara tatu nyembamba, si mara moja nzito, na kila mara iachwe siku nzima ikauke pasipo vumbi. Mimi hufunika kwa sufuria iliyotoboka, ambayo mke wangu alikuwa ametaka kuitupa na sasa anadai kodi yake. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: rangi ileile ya gari la kweli ukiipaka juu ya kigari huonekana nzito na yenye kung'aa mno. Gari kubwa tunalitazama kwa mbali, na hewa iliyo katikati huipunguza rangi. Kwa hiyo lazima uichanganye na nyeupe kidogo ili jicho lidanganyike vizuri.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo nilipokwama kwa miezi mitatu. Sikukwama kwa ufundi.

Lori lilikuwa la rangi gani? Mimi mwenyewe nakumbuka harufu ya dizeli tu na kiatu cha baba mlangoni. Picha ni ya rangi moja, na katika picha za namna ile buluu na kijani zote huwa kijivu. Kaka yangu mkubwa akasema bila kusita: buluu. Dada yangu akasema bila kusita: kijani. Nilidhani litakwisha kwa mazungumzo ya simu. Halikwisha. Siku ya arobaini ya shangazi yetu walikutana kwangu, kigari kikiwa mezani na praima yake, wakabishana hata wageni wakanyamaza. "Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili," alisema dada, "baba alininyanyua akanikalisha pale mlangoni. Unataka kuniambia nilikaa juu ya kitu nisichokiona?" Kaka akamjibu kwamba yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kupeleka chakula gereji. Nilitambua kwamba hawakuwa wakigombea rangi. Baba aliishi nasi siku chache sana kwa mwezi, na kila mmoja wetu alibaki na kipande chake kidogo. Kumwambia mtu kwamba kipande chake ni cha uongo ni kumnyang'anya urithi pekee aliopata.

Rafiki mmoja alinishauri nichanganye, iwe rangi iliyo baina ya buluu na kijani. Ushauri huo niliukataa. Ungenipa lori ambalo hakuna hata mtu mmoja aliyelikumbuka.

Mwisho nikampelekea mama. Mama yetu amekwisha pindukia miaka 85, na macho yake yamefungwa na presha ya macho kwa miaka mingi sasa. Nilimwekea kigari mapajani. Alikipapasa polepole, akianzia nyuma. Alihesabu magurudumu. Alipofika mbele ya boneti akasimamisha vidole, akauliza, "Na mfuko wa maji?" Alimaanisha ule mfuko wa turubai uliokuwa ukining'inizwa mbele ya gari ili upepo upoze maji ya kunywa. Katika picha umefichwa na bega la baba, wala katika sisi watoto hakuna aliyeutaja. Nilimwambia nitauweka. Kisha nikamwuliza juu ya rangi.

Alikaa kimya kidogo. "Mwanangu," akasema, "rangi ya gari la baba yenu mimi sikuijua. Lilikuwa linafika limevaa vumbi tupu. Tena mimi nilikuwa namtazama anayeshuka. Gari la nini?"

Kaka na dada walikuwapo. Hakuna aliyetia neno.

Nililipaka kijani. Sababu yangu ni kwamba dada aliliona karibu na mchana, na kaka alikuwa akilikuta gereji jioni, penye kiza. Nilimweleza kaka hivyo uso kwa uso, kwa kuwa sikutaka alione limekwisha pakwa. Hakufurahi, lakini wiki iliyofuata alinijia na vijiti viwili vya waya alivyovichonga mwenyewe kuwa vishikio vya mlango, na alivipima barabara kwa 1:20.

Baada ya kijani likaja vumbi. Mpwa wangu huendesha semitrela kwenda Tunduma. Siku hizi ni lami toka mwanzo hadi mwisho, lakini nilimwomba asimame Kitonga, mahali salama, anichotee udongo wa kando ya barabara. Alinicheka, akaniletea kopo zima. Niliutwanga, nikauchekecha kwa kitambaa cha leso mara tatu, nikaupaka kwa brashi laini juu ya vanishi isiyong'aa kabla haijakauka: kwa wingi nyuma ya magurudumu na chini ya milango, kidogo juu ya paa, na kwenye kioo cha mbele nikaacha miduara miwili ambapo vifutio vingepita. Sasa kijani huonekana tu pale mlangoni, karibu na kishikio, ambapo mkono wa mtu ungekuwa umefuta.

Mama alipolipapasa mara ya pili vumbi lilimwingia vidoleni. Alijifuta kwa ncha ya kanga yake, akasema boneti ile ilikuwa ikifika inawaka moto, huwezi kuweka mkono. Sina rangi ya kutia jambo hilo.

Kazi haijakwisha. Pipa la lita 200 lina kimo cha sentimeta 88, kwa hiyo langu lazima liwe na sentimeta 4.4, na ninayachonga katika mpini wa jembe, mistari mitatu ya mapipa manane manane. Nimekwisha maliza 15. Wajukuu wa dada huja Jumamosi kuyapiga msasa, na kila mmoja ameweka alama yake chini ya pipa lake ili lisichanganywe na la mwenzake.