Nungwi: Mbizi ya Bei Poa

Tulifika Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mimi na mume wangu, tukiwa na hamu ya kupiga mbizi kwa mara ya kwanza. Duka la kwanza lilikuwa na bei poa: mwalimu mmoja, wageni wanane, maelezo ya dakika 10, boti hiyo! Jamani! Hewa uliyoivuta mita 10 chini ya maji, ukibana pumzi huku unapanda juu, hutanuka mara mbili. Mapafu yanaweza kupasuka.

Tukahamia kwa jirani. Ghali, lakini mwalimu alitushika wawili tu, tukaanza na mazoezi kwenye kina kifupi. Samaki tuliwaona kesho yake.

Mpenzi msomaji, kabla ya kuuliza bei, uliza mwalimu ana wanafunzi wangapi.