Embu na Meru: Nchi ya Miti Izaayo

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Meru kwa njia ya Embu, akisha kuupita mji wa Embu, huwa na Mlima Kenya mkono wake wa kushoto mpaka mwisho wa safari. Hupita Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu, na kabla ya kuingia mji wa Meru huvuka mstari wa Ikweta. Njia yote ni ya kupanda na kushuka, kwa maana kila baada ya kilima pana mto: Rupingazi, Ena, Thuci, Nithi, Mutonga, Kathita. Mito hii yote hutoka mlimani, penye kilele cha mita 5,199, na maji yake yote huishia katika mto Tana. Tangu 2013 nchi hii imegawanywa katika kaunti tatu, yaani Embu, Tharaka-Nithi na Meru, lakini mlima ni mmoja na mvua yao ni moja.

Nchi yenyewe ni kama ngazi. Juu kabisa, karibu na msitu wa serikali, pana baridi na ukungu, na watu hulima chai. Chini yake ni kahawa na migomba, katika udongo mwekundu wenye rutuba. Msafiri akiiacha barabara kuu na kushuka upande wa mashariki, kuelekea Siakago na Ishiara katika Mbeere, au Marimanti katika Tharaka, hukuta joto, udongo wa mchanga, pojo, mtama na miembe. Juu mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Chini aghalabu haifiki 900. Mvua hunyesha mara mbili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na mkulima wa chini hutegemea zaidi ile ya pili.

SHAMBA LIFANANALO NA MSITU

Mgeni akitazama kutoka ng'ambo ya bonde katika sehemu za Chuka au Nkubu, hudhani aonacho ni msitu. Akikaribia hutambua kuwa ni mashamba ya watu. Juu pana migrivea iliyotoka Australia, pamoja na mringaringa, ambao majani yake huanguka na kuilisha ardhi, na mbao zake huchongwa mizinga ya nyuki. Chini yake pana miparachichi na mikadamia, kisha mibuni na migomba. Viazi vikuu hupanda juu ya shina la mti ulio hai, na maboga hutambaa chini. Kila mmea hupata nafasi yake ya jua, na mvua kubwa haiupigi udongo mtupu.

Elimu hii si ngeni Afrika ya Mashariki. Wachaga wa Kilimanjaro wana kihamba chao, ambacho ndani yake wataalamu wamehesabu zaidi ya aina 100 za mimea. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliuhesabu mfano wa kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa dunia katika kilimo. Basi watu wasemapo leo juu ya kupanda msitu wa chakula, mwenyeji wa Embu au Meru haambiwi jambo la ajabu. Hukumbushwa shamba la babu yake.

HATARI YA ZAO MOJA

Hata hivyo mambo yamebadilika. Katika miaka ya 1930 Meru, Embu na Kisii zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kupanda kahawa. Kisha ukaja mpango wa kilimo wa 1954, uliojulikana kwa jina la Swynnerton, ambao ulitaka mashamba yapimwe na yaandikiwe hati, na mkulima apande mazao ya kuuza. Fedha ziliingia, shule zikajengwa. Lakini shamba la baba liligawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu, mpaka kipande kikawa kidogo. Mwenye kipande kidogo hushawishika kung'oa kila kitu na kupanda kile tu chenye bei mwaka ule.

Bei nayo haina ahadi. Katika vilima vya Nyambene miraa imelishia watu na kusomesha watoto kwa vizazi vingi, na miti mikongwe hurithiwa kama ng'ombe. Lakini Uingereza ilipoikataza mwaka 2014, na Somalia ilipoifungia mlango kuanzia 2020 hadi 2022, nyumba zisizokuwa na zao jingine zilipata taabu mara moja.

Maembe ya Mbeere na Tharaka yana taabu ya namna nyingine. Huiva pamoja, tangu Desemba hadi Machi au karibu yake. Mwenye lori ajua ya kuwa tunda lililoiva halingoji, kwa hiyo hutaja bei atakayo, na yasiyonunuliwa huoza chini ya mti. Miezi michache baadaye, katika nyumba ile ile, mtoto hali tunda lolote. Shirika la Afya la Dunia hushauri kila mtu ale gramu 400 za matunda na mboga kila siku. Shauri hilo ni la kila siku ya mwaka, wala si la msimu wa maembe peke yake.

KALENDA YA MATUNDA

Wataalamu wa kilimo cha miti, ambao shirika lao limekuwa na makao Nairobi tangu 1978, wamefundisha njia nyepesi. Familia huandika miezi 12, kisha hutazama ni miezi gani haina tunda, na kutafuta mti utakaoijaza. Penye mwembe uzaao Januari na mparachichi uzaao katikati ya mwaka, huongezwa mpera, mchungwa, mlimau, karakara na matunda damu kwa nchi ya baridi, au mkwaju na mkunazi kwa nchi ya joto. Mpapai na mgomba huziba mapengo, kwa kuwa hazingoji msimu mmoja.

Kalenda hii husaidia pia subira. Wengi huogopa kupanda miti kwa kuwa tumbo halingoji miaka. Lakini mpapai uliotunzwa huzaa katika mwaka wa kwanza au baada yake kidogo, mgomba katika mwaka na miezi michache, na matunda damu katika mwaka mmoja na nusu. Mwembe au mparachichi uliobebeshwa, yaani kijiti cha mti mzuri kilichofungwa juu ya mche wa kienyeji mpaka vikaungana, huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne. Uliotoka katika mbegu huweza kukawia miaka sita na zaidi. Hivyo miti ya upesi hulisha nyumba na kutia kivuli wakati miti mikubwa ikikua.

Mche hutaka shimo la futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, udongo wa juu uliochanganywa na samadi, na majani makavu juu yake ili unyevu usipotee. Huko chini kwenye mchanga hapana budi kuchimba mtaro unaoleta maji ya mvua shinani. Samadi nayo hutaka ng'ombe, na ng'ombe hutaka malisho. Majaribio yaliyofanywa Embu katika miaka ya 1990 yalionyesha kuwa kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra, mti mdogo upandwao kingoni mwa shamba, zaweza kushika mahali pa kilo 1 ya chakula cha ng'ombe cha dukani.

Isisahauliwe miti ambayo hapana mtu aliyeipanda. Mkwaju, mbuyu, mng'ongo na mfuu husimama Tharaka na Mbeere bila kumwagiliwa. Mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, mahindi yalikauka, lakini mizizi ya miti hii ilikuwa mbali chini. Aukataye mkwaju kwa gunia chache za makaa huuza ghala ya wajukuu.

KAZI YA KIJIJI

Jambo hili haliwezi kufanywa na mtu mmoja, na sababu kubwa ni mdudu. Mwaka 2003 alionekana Kenya nzi wa matunda aliyetoka Asia. Jike hutaga mayai chini ya ganda la embe. Mabuu hula ndani, tunda huanguka, nao huingia udongoni na kutoka nzi wapya. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa ajili yake, ikaanza tena 2021. Wataalamu wa Icipe walijaribu katika Embu mitego, vyambo, na nyigu wadogo wasiodhuru watu, ambao hutaga ndani ya mayai na mabuu ya nzi huyo. Njia hizi zafaa, lakini nzi hajui mpaka wa shamba. Mkulima mmoja akifukia kwa kina matunda yaliyoanguka, na jirani akiyaacha yaoze juu ya ardhi, kazi ya yule wa kwanza imepotea.

Kwa hiyo kitalu cha miche, mitego, maji na soko ni mambo ya kikundi. Mpango wa TIST, ulioanza Mpwapwa, Tanganyika ya zamani, mwaka 1999 na kufika Kenya 2004, umeenea sana Meru kwa vikundi vidogo vya wakulima wapandao miti na kukutana kwa zamu. Shuleni vipo vyama vya 4-K, vilivyoanzishwa 1962 na kufufuliwa 2021, ambavyo vyaweza kumfundisha mtoto kubebesha mwembe kabla hajamaliza darasa la mwisho. Na wazee wa Njuri Ncheke, wenye makao yao Nchiru, ni ushahidi kuwa watu wa nchi hii walijua tangu zamani kuulinda mti kwa neno la pamoja; mugumo ulioheshimiwa haukuguswa hata na mwenye shoka kali.

Limebaki swali moja lililo gumu kuliko kuchimba mashimo: mti ni wa nani? Kwa desturi, apandaye mti hudhaniwa anadai ardhi. Ndiyo sababu mwanamke, ambaye ndiye hubeba maji ya mche, mara nyingi huogopa kupanda mti wa miaka mingi, na aliyekodi shamba hapandi kabisa. Na palipopandwa miti ya wote, kwenye uwanja wa shule au wa kanisa, wenye nguvu huchuma kwanza. Vikundi vyenye busara huandika mapatano kabla ya mche wa kwanza kutiwa ardhini: nani atamwagilia, nani atachuma, ni sehemu gani ya watoto, ni sehemu gani ya kuuzwa, na mjane atabaki na miti yake. Karatasi hiyo moja huokoa miti mingi kuliko dawa ya dukani.

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Katika nchi ya Embu na Meru kivuli chenyewe huliwa. Mvua za Oktoba hazimngoji mtu. Mashimo na yachimbwe Septemba, na mapatano yaandikwe kabla ya mashimo.