Lenzi Kwanza, Kamera Baadaye

Mzee aliyenifundisha kupiga picha alikuwa na studio ndogo Nyamirambo, mtaa wa Kigali, ya picha za pasipoti na za familia zilizovaa nguo za Idi. Kamera za dijitali zilipoanza kuonekana mjini, sisi vijana wake tulikuwa tukibishana kutwa ni ipi yenye megapikseli nyingi. Alitusikiliza kwa muda, halafu siku moja akaniita pembeni. "Kijana wangu, usiniambie kamera ina namba ngapi. Niambie utasimama wapi, na jua litakuwa wapi." Nilimjibu "ndiyo, mzee", kama ilivyo adabu, lakini sikumwelewa. Ilinichukua miaka mingi na fedha nyingi kumwelewa.

Mwaka 2011 nilihamia Niboye, hapa Kicukiro, nikajitegemea. Nilitoa akiba yote nikanunua Nikon D3100 pamoja na lenzi inayouzwa nayo, ile ya milimita 18 hadi 55. Kazi yangu ilikuwa harusi, na harusi za Kigali picha zake hupigwa nje, bustanini, mara nyingi kwenye kilima cha Rebero ambako mji wote huonekana chini. Bibi harusi yuko kwenye nyeupe, bwana harusi kwenye nyeusi, akina mama wamevaa mishanana ya rangi zote, na ratiba imechelewa kiasi kwamba picha zinaanza saa saba mchana.

Hapa nieleze jambo la jua letu, maana ndilo linaloamua vifaa. Kigali iko karibu nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na halipandi kwa mshazari kama Ulaya, linapanda wima. Ule mwanga laini wa dhahabu unaosifiwa kwenye vitabu vya wenzetu wa kaskazini, ambako jioni ya kiangazi hudumu kwa saa kadhaa, huku kwetu ni wa dakika chache. Kufika saa mbili asubuhi umeshakwisha. Saa saba jua liko utosini, kila jicho lina kivuli chake cheusi, na lenzi yangu ya 18-55 ilikuwa inaonyesha kila kitu kwa ukali uleule: bibi harusi, mahema, viti vya plastiki, na shemeji anayekula nyuma.

Nikaambiwa dawa yake ni lenzi ya milimita 50 yenye tundu kubwa, f/1.8. Namba hiyo ikiwa ndogo, tundu huwa pana. Mwanga huingia mwingi, na vilivyo nyuma ya mtu huyeyuka. Unampeleka bibi harusi kwenye kivuli cha mti, unafungua tundu, mahema na viti vinageuka kuwa rangi tu. Mwaka 2012 nikanunua moja, kuukuu, kwa mtu aliyeileta kutoka Dubai. Nilimlipa pale pale barabarani bila kuijaribu.

Nilipoifunga kwenye kamera, haikutafuta fokasi. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, kimya. Nilidhani nimeuziwa mbovu. Kumbe lenzi ilikuwa nzima. Ilikuwa toleo la zamani la Nikon, lenye herufi D, ambalo halina mota yake ndani. Linategemea mota iliyomo kwenye kamera, na D3100, kwa kuwa ni kamera ya bei nafuu, haikuwekewa mota hiyo. Hakuna aliyenidanganya, wala mimi sikuuliza. Lenzi inaweza kuingia kwenye mdomo wa kamera, ikakaza vizuri, na bado visielewane.

Fedha za kununua nyingine sikuwa nazo, kwa hiyo nilijifunza kuzungusha pete kwa mkono. Ndani ya tundu la kutazamia, chini upande wa kushoto, kuna nukta ndogo ya kijani. Pete ikifika mahali pake, nukta inawaka na kutulia. Nilijifunza kuingoja nukta ile huku bibi harusi akicheka, akigeuka, akifutwa jasho. Kidole gumba changu kilijua umbali kabla ya jicho. Kwa miaka minne nilipiga harusi hivyo, na ninasema bila kusita kwamba ndiyo miaka niliyojifunza kazi.

Mwaka 2016 nikapata Nikon D7200. Hii ina mota. Nilifunga ile 50 kuukuu, nikabonyeza, ikalia kidogo na kushika fokasi mara moja, kama iliyokuwa ikisubiri. Nilimwita mke wangu aje aone.

Kufikia hapo nilikuwa nimeanza kuipenda kazi ya nje kabisa: ndege, mabwawa, wanyama. Rwanda ilikuwa inabadilika mbele ya macho yetu. Hifadhi ya Akagera ilikuwa imepokea simba 7 kutoka Afrika Kusini mwaka 2015, baada ya simba wa zamani kuuawa wote katika miaka iliyofuata mauaji ya kimbari ya 1994. Na mwaka 2017 vifaru weusi 18 wakarudishwa. Wageni waliongezeka, na kampuni za kuwatembeza zikataka picha. Mwaka 2018 moja ikaniajiri niende nayo Kinigi, kwa sokwe wa milimani. Kibali cha mgeni mmoja kilikuwa kimepanda mwaka uliotangulia hadi dola 1,500, kwa saa moja tu mbele ya familia ya sokwe. Nikajiambia saa ya bei hiyo inastahili lenzi kubwa kuliko zote, nikaazima ya milimita 150 hadi 600. Ile 50 niliitia kwenye mfuko wa koti kwa sababu ni nyepesi, gramu 155.

Tulipanda kupitia mianzi na upupu. Mbebaji wa mizigo, kijana wa pale chini ya mlima, alinibebea begi na kunishika mkono kwenye matope. Kisha waongozaji wakatusimamisha, na pale, ndani ya kichaka, akawa amekaa dume mwenye mgongo wa fedha.

Nikainua lenzi kubwa. Giza. Chini ya mianzi mwanga ni kama wa sebule iliyofungwa mapazia, na kumulika kwa flashi ni marufuku. Lenzi ile kwenye 600 inafunguka hadi f/6.3 tu. Ukipiga hesabu, f/1.8 inapitisha mwanga mara 12 zaidi ya hapo. Nilipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi picha zikawa na chengachenga kama mchanga, na bado shata ilikuwa inachelewa. Kila alipogeuza kichwa alitoka ukungu. Kanuni ya wakati ule ilikuwa kukaa mita 7 kutoka kwao, na kwa umbali huo milimita 600 zilinipa pua na jicho moja. Halafu mama mmoja na mtoto mgongoni akatoka mianzini bila kujali kanuni zetu, akapita karibu na miguu yetu. Lenzi ikagoma kabisa, maana nyingi za aina hiyo hazioni kitu kilicho chini ya mita mbili na kitu. Zilikuwa zimebaki dakika kama 35.

Nikaivua. Nikampa mwongozaji mmoja, nikatoa ile 50 ya mfukoni. Mkono ulikuwa unatetemeka. Nilipunguza mwanga kwa hatua moja, kwa sababu kamera ikiona manyoya meusi yamejaa fremu hudhani kuna giza, ikayafanya ya kijivu. Mtoto alikuwa ameshika nywele za mama yake kwa vidole vitano vya mtu. Nikafungua tundu, nikabonyeza. Matone ya ukungu yaliyokuwa kwenye manyoya yanaonekana moja moja kwenye picha ile. Mwenye kampuni aliitundika ofisini kwake, na kwa miaka kadhaa ndiyo iliyonipatia kazi.

Maneno ya mzee wangu yalinirudia njiani tukishuka. Nilikuwa nimechagua lenzi kwa ukubwa wa gharama ya safari, sikuwa nimeuliza nitasimama wapi.

Akagera ni kinyume cha Kinigi. Huko mnyama yuko mbali na jua ni kali, kwa hiyo f/5.6 inatosha kabisa na urefu ndio unaohitajika. Baadaye nilinunua Nikon ya 200 hadi 500, na kamera ya D500. Kwa kuwa sensa ya D500 ni ndogo kuliko fremu ya filamu, milimita 500 huona kama 750. Lakini lenzi hiyo ina uzito wa kilo 2.3, na ndani ya gari hakuna pa kusimamishia stendi. Mimi natumia mfuko wa kitambaa uliojaa kilo mbili za maharage. Unauweka dirishani, lenzi inalala juu yake, dereva anazima injini, basi. Kubadilisha lenzi kwenye vumbi la Akagera sikubali. Nabeba kamera mbili, kila moja na lenzi yake. Na ikifika saa tano, joto likaanza kupanda kutoka ardhini, hewa inachezacheza na hakuna lenzi ya bei yoyote itakayoinyoosha. Ninafunga begi.

Mvua ni habari nyingine. Kwingineko Afrika Mashariki wapiga picha waliifunika kamera kwa mfuko wa plastiki. Hapa mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu 2008. Mama mmoja fundi cherehani wa Kicukiro alinishonea kifuniko kwa kitambaa cha mwavuli uliovunjika, na hadi leo sijaona cha dukani kilicho bora zaidi. Adui mkubwa hasa ni unyevu wa masika. Niliwahi kupoteza lenzi nzuri kwa kuvu: nilimulika tochi upande wa nyuma, nikaona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zimetambaa juu ya kioo cha ndani. Tangu hapo lenzi zangu hulala kwenye kopo la plastiki lisilopitisha hewa, pamoja na vifuko vya silika. Na lenzi kuukuu siinunui kabla ya kuimulika tochi hivyo hivyo.

Siku hizi asubuhi nyingi niko Nyandungu, bwawa lililofunguliwa kuwa hifadhi ya mjini Julai 2022, hekta 121 kati ya wilaya za Kicukiro na Gasabo. Kuna mdiria mdogo wa buluu, mdomo mwekundu, hukaa kwenye tete zilezile akitazama maji. Anapochupa, shata isipofika sehemu ya 1 ya 2,000 ya sekunde, unabaki na tete tupu. Vijana hunijia pale na swali lilelile nililokuwa nalo Nyamirambo, kamera gani ninunue, siku hizi wakitaja zile zisizo na kioo ndani. Ni nzuri, hazipigi kelele, na ndege hashtuki. Lakini nawaambia fedha zao ziende kwenye lenzi kwanza. Kamera ya leo itapitwa baada ya miaka michache. Ile 50 ninayo tangu 2012 na bado iko kazini.

Kwa hiyo wewe unayekusanya fedha za kifaa cha kwanza, usinunue bado. Azima, au kodi kwa siku mbili, nenda nacho mahali utakapofanyia kazi, kwenye saa utakayoifanyia, ufungue picha zako nyumbani kabla ya kutoa faranga. Na kama huna wa kukuazima, njoo Nyandungu saa kumi na mbili asubuhi, uliza mtu mwenye kifuniko cha kitambaa cha mwavuli. Nitakupa ile 50.