Kwa Mpwa Wangu wa Kawangware, Kuhusu Ile Injini

Makina, Kibera

Mpwa wangu,

Mama yako alinipigia simu Jumanne, anacheka na kulalamika kwa pamoja. Anasema chumba kimejaa lile povu jeupe linalofungiwa televisheni, kitanda hakionekani, na gundi imeshika hadi kwenye sufuria ya ugali. Akaniambia pia kuna kijana wa mjini anayetaka kukuuzia injini ya mafuta, ya sentimita 7.5 za ujazo, na wewe umeshaanza kuweka akiba. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia kabla pesa haijatoka.

Ndege ya mfano uliyoichagua kuunda sina ugomvi nayo. Gipsy Moth ni kama mwenyeji wa hapa. Florence Wilson alipoanzisha Wilson Airways mwaka 1929 alianza na moja tu, na uwanja wa ndege niliofanyia kazi miaka ishirini na saba, nikifungua na kufunga injini za watu, una jina lake hadi leo. Najua wewe umevutiwa na ile ya njano kwenye filamu ya Out of Africa. Hata mimi.

Lakini hebu kumbuka injini yake ilikotoka. Katikati ya miaka ya 1920 mwenye kuibuni, Geoffrey de Havilland, alitaka kuunda ndege ambayo mtu asiye tajiri sana angeweza kuinunua, na injini ya bei hiyo haikuwapo. Mbunifu wa injini Frank Halford akachukua injini ya Renault ya silinda nane, masalio ya Vita Kuu ya Kwanza, akabakiza upande mmoja wa silinda nne na kuutengenezea kasha jipya. Ikaitwa Cirrus, nguvu za farasi 60. Huo ni ufundi wa jua kali wa Gikomba kabisa! Masalio ya vita yalipoanza kuadimika ndipo wakaunda injini ya Gipsy yenyewe. Halford alitazama kwanza kilichokuwa karibu naye, na nataka nawe utazame hivyo: hewa yako, ploti yako, majirani zako.

Tuanze na hewa. Uwanja wa Wilson uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, nanyi Kawangware mmepanda zaidi kidogo. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Rubani wa Cessna iliyojaa watalii wa Mara hulijua hilo vizuri mchana wa Februari, anapokula njia ndefu kabla magurudumu hayajaachana na lami. Injini ya mafuta huvuta hewa hiyohiyo, kwa hiyo nguvu iliyoandikwa kwenye boksi usiitegemee yote. Mota ya umeme haipumui. Kinachohangaika ni propela, na dawa yake ni rahisi: palipoandikwa inchi 11 funga ya 12, kisha pima wati zisipite uwezo wa mota.

Sasa mafuta, na hapa nisikilize sana. Injini hizi hazinywi petroli. Zinataka methanoli iliyochanganywa na mafuta ya mbarika na nitromethani kidogo. Hazina cheche. Ndani ya plagi kuna kijiwaya cha platinamu unachokipasha kwa betri ya volti 1.5, na injini ikishawaka unaondoa betri, methanoli yenyewe inakiweka chekundu. Ni ufundi mzuri mno. Miaka ya tisini Mzungu mmoja aliyekuwa anahama aliniachia injini ya namna hiyo. Lile kovu la kidole cha shahada ulilozoea kuniuliza ukiwa mdogo ni la propela yake.

Lakini methanoli hiyohiyo ni sumu. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa hapa Nairobi kwa kunywa pombe ya kumi kumi iliyotiwa methanoli, na wengine wakabaki vipofu. Bei ilikuwa shilingi kumi, ndiyo asili ya jina. Wiki hiyo mimi nilikuwa na lita mbili za methanoli ambazo sikuwa nimezichanganya bado, ndani ya chupa ya maji, nimezisahau kibarazani. Haina rangi, na harufu yake ni ya pombe. Nilirudi jioni nikamkuta mpangaji wa chumba cha pili ameshaishika, anainusa. Akaniuliza, "Mzee, hii umetoa wapi?" Hakuinywa. Usiku huo sikulala, na asubuhi niliipeleka kazini nikamkabidhi mwenye stoo. Injini niliiuza kabla mwezi haujaisha. Ploti yenu ina vyumba vingapi? Na watoto wangapi wanaopitapita mlangoni kwako?

Kwa hiyo nakushauri mota ya umeme, ingawa umeme nao una meno. Betri ya lithiamu ikitobolewa, au ikijazwa kupita volti 4.2 kwa kila seli, hulipuka moto ambao ndoo moja ya maji haiuzimi, na unajua moto wa nyumba za mabati unavyoruka ukuta hadi ukuta. Ichajie nje, ndani ya sufuria kuukuu yenye mchanga, nawe umekaa hapo hapo. Usiku marufuku. Umeme wa sambaza, ule wa kuunganishwa kinyemela unaopanda na kushuka, marufuku pia. Na zile seli za laptop mbovu wanazokupa marafiki zako zifae taa na redio, maana nyingi haziwezi kutoa ampea ambazo ndege inazidai.

Moth halisi ina mabawa ya mita 9.14. Ukiipunguza mara nane unapata sentimita 114, nami ningependa uzito wote usizidi kilo moja na nusu. Wati 300 zinatosha: betri ya seli tatu ya mAh 2,200, mota ya mizunguko 800 hivi kwa dakika kwa kila volti, na kidhibiti cha ampea 40. Usitafute mota ya mbio. Ndege ya mabawa mawili juu na chini, pamoja na nguzo na nyaya zake, inakokota hewa nyingi. Inataka propela kubwa inayozunguka taratibu. Ile injini ya kijana wa mjini na ekzosi yake ni karibu nusu kilo, theluthi ya ndege nzima, yote puani! Betri unaweza kuisogeza mbele au nyuma mpaka ndege ikae sawa, bila kubandika risasi ambayo kazi yake ni kulemea tu.

Kuhusu mahali pa kurushia, ondoa Kibera na Kawangware akilini. Kuna nyaya, kuna vichwa vya watu, na ndege za Wilson hupita chini sana juu ya mapaa yetu. Twende wawili pale Mamlaka ya Usafiri wa Anga tuulize, nami nitavaa koti.

Jumamosi njoo Makina baada ya swala ya adhuhuri. Beba fremu hata kama haijafunikwa, na mwombe mama yako ile mizani yake ya unga. Yule kijana usimpe hata thumuni kabla hatujapima.

Mjomba wako